Mpira wa petroli ukikaza, usiutafutie mlegevu

Ndugu msomaji, wiki hii siasa tuiweke kando kidogo. Nataka kukueleza habari ya kipande cha mpira kisichofika shubiri moja, ambacho bei yake ni ndogo kuliko sahani ya biriani, na ambacho kilibaki kidogo tu kiniunguzie mtoto wangu. Wenye gari kuukuu watanielewa haraka. Lakini hata wewe usiye na gari, ikiwa wapanda boti pale jeti ya Mokowe au wapanda bodaboda kwenda Hindi, jambo hili lakuhusu.

Marehemu baba alituachia Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, ya injini ya petroli. Aina hii ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hapa Kenya tulikuwa na kiwanda cha kuunganisha Land Rover kule Thika, kikiitwa Leyland Kenya. Leo chajulikana kwa jina la Kenya Vehicle Manufacturers. Watoto wa lami hawatajua, lakini sisi tuliozaliwa kabla yake twakumbuka njia ya Garsen, Witu hadi Mokowe ilivyokuwa wakati wa mvua. Basi likikwama kwenye tope jeusi, abiria wakilala njiani, na kilichowatoa ni gari kama lile la baba. Likifika Mokowe ndio mwisho wake. Mbele ni bahari, na Amu kwenyewe watu huenda kwa miguu na kwa punda. Kwa hivyo Mokowe ndiko magari ya Lamu yanakoishia safari, na mengine huishia hapo moja kwa moja.

La baba liliishia chini ya mwembe. Lilikaa miaka kumi na moja, kuku wakitaga kwenye viti vya nyuma. Mwaka jana, baada ya Idi, nikasema liwalo na liwe, gari hili nitalifufua. Diploma ninayo, lakini ni ya usimamizi wa biashara, haikunifunza kushika spana. Nikashirikiana na fundi mmoja kijana wa hapa mtaani. Tukabadilisha breki, tukaosha tangi, maana petroli ya miaka yote hiyo ilikuwa imegeuka gundi, tukaifungua kabureta na kuisafisha tundu moja moja. Tulipozungusha injini kwa hendeli na ikazunguka bila kukwama, mama alitoka nje akapiga kigelegele.

Kilichobaki ni mipira ya mafuta. Vipande vitatu tu: kimoja tangini, kimoja kwenye pampu, kimoja kwenye kabureta. Nikadhani ni kazi ya nusu saa.

Kwa nini pana mpira hapo

Petroli hutoka tangini ikapita kwenye bomba jembamba la chuma mpaka kwenye pampu, kisha ikapanda kwenye kabureta. Mtu aweza kuuliza, kwa nini bomba la chuma lisiende moja kwa moja mpaka mwisho? Sababu ni kuwa injini hutikisika kivyake na bodi hutikisika kivyake. Chuma kikikunjwa na kukunjuliwa kila siku, mwisho hukatika. Ndipo huwekwa kipande cha mpira katikati, kipokee huo mtikisiko.

Lakini si kila mpira wakubaliana na petroli. Mpira wa asili, huu utokanao na utomvu wa mti, ukikaa ndani ya petroli huinywa, ukavimba, ukalainika kama andazi lililolowa chai. Chukua kipande cha blada, kitumbukize kwenye kikopo cha petroli usiku mmoja, kesho yake utaona mwenyewe. Kwa hivyo mipira ya mafuta hutengenezwa kwa mpira mwingine, wa viwandani, uitwao nitraili, uliobuniwa Ujerumani miaka ya 1930. Huo ndio unaostahimili mafuta. Ukiona mpira umeandikwa NBR, hiyo ndiyo herufi yake.

Hata nitraili una umri. Joto la injini huukausha, jua huupasua, na petroli huondoa vile vilainishi vilivyomo ndani yake. Mpira wa gari la baba nilipoukunja ulitoa sauti kama bagia iliyokaangwa ikakauka, na nyufa zikafunguka juu yake. Kipimo ni hicho: kunja mpira, utazame pale mgongoni. Ukiona nyufa, hata ndogo kama unywele, maisha yake yamekwisha. Ukiubinya ukawa mgumu kama ukuni, yamekwisha. Na ukiubinya ukawa teketeke kama tende, hapo pia umekwisha, kwa kuwa si mpira wa mafuta.

Kosa langu

Mpira mpya niliagiza Mombasa, wa milimita 6, kwa sababu bomba la gari lina unene wa robo inchi. Robo inchi ni milimita 6.35. Yaani mpira ni mwembamba kidogo kuliko bomba lenyewe, na pale mwisho wa bomba pana ukingo uliovimba, kama mdomo wa chupa, ambao ni mnene zaidi.

Mpira ukakataa kuingia. Nilianza baada ya adhuhuri. Nilisukuma, nikazungusha, nikaukamata kwa koleo, ngozi ya kidole gumba ikachunika. Alasiri ikaadhiniwa mpira haujapita hata nusu ya ule ukingo. Jamaa mmoja aliyekuwa amekaa barazani akinitazama akasema, "Wajitesa bure. Tafuta mpana kidogo, utie klipu, uikaze. Ni petroli tu, si hewa ya tairi."

Nikamsikiza. Dukani nikapata kipande cha mpira wa mtungi wa gesi ya kupikia. Ukaingia kama mguu ndani ya makubadhi. Nikatia klipu, nikakaza kwa bisibisi mpaka mkono ukauma. Nikapangusa jasho, nikajiona fundi.

Siku mbili baadaye nikatoka na gari kulijaribu kwenye njia ya Hindi, na mwanangu wa miaka tisa amekaa kando yangu. Gari lilikwenda vizuri. Harufu ya petroli niliisikia mapema, nikasema gari kuukuu halikosi harufu. Kisha nikaona moshi mwembamba ukitoka kwenye ukingo wa boneti.

Nikasimama, nikazima injini, nikamwambia mtoto ashuke akimbilie ng'ambo. Hapo nilifanya vyema. Kisha nikafanya la kijinga: nikaifungua boneti yote kwa mara moja. Moto uliokuwa mdogo ukapata hewa, ukaruka, ukanichoma nyusi. Alhamdulillahi, lori lililokuwa nyuma yetu lilisimama. Utingo wake akaja na chombo cha kuzimia moto, cha unga, mwenzake akawa anarusha mchanga kwa sepetu. Dakika mbili, ukazimika. Nilibaki nimekaa chini kando ya barabara, mwanangu amenishika shati na hanisemeshi.

Nikupe maelezo ya kilichotokea, kwa kuwa ndiyo maana ya makala hii. Mpira ukiwa mpana kuliko bomba, klipu haiufanyi uwe mdogo. Huukunja. Mahali fulani chini ya klipu hubaki mkunjo, kama pindo la shuka, na mkunjo huo ni mfereji. Ukikaza zaidi, mkunjo nao wazidi. Tena mpira ule haukutengenezwa kukaa ndani ya petroli, ulikwisha anza kulainika. Na katika injini hizi za Land Rover, kabureta imekaa juu, na chini yake kuna chuma cha kutolea moshi, kilicho moto kuliko pasi ya mkaa. Tone la petroli likidondoka, ladondokea hapo.

Watu husema petroli haiwaki mpaka ipate moto. Ni kweli, lakini yautoa mvuke hata ikiwa baridi sana, chini ya nyuzi 40 kabla ya sifuri. Katika joto letu la Pwani, petroli iliyo wazi huwa tayari kuwaka wakati wote. Cheche moja ya waya wa plagi yatosha.

Tuliponea kwa jambo moja: pampu ya gari hili huendeshwa na injini yenyewe. Injini ikizimwa, pampu nayo yasimama, na petroli haiji tena. Gari la kisasa lenye pampu ya umeme huwa na mgandamizo mkubwa zaidi ndani ya mpira, na lingeweza kunyunyiza kama bomba la bustani.

Chupa ya maji moto

Kesho yake nilivuka njia mpaka jetini kwa mzee mmoja anayetengeneza mashine za boti. Sote humwita Ami. Nilibeba mpira ulioungua kwa mkono mmoja na ule wa milimita 6 kwa mkono wa pili. Sikuhitaji kueleza mengi, nyusi zangu zilikwisha eleza.

Ami akautupa ule wa gesi majini, kisha akaona haya akamtuma kijana akauokote. Akauchukua ule wa 6, akautia kwenye kipande cha bomba alichokuwa nacho, ukakaza. Akatabasamu.

"Huu ndiwo wake," akasema. "Umekaza kwa kuwa ndiwo wake. Ungeingia wenyewe, ningekwambia uutupe."

"Lakini Ami, hauingii. Nimetumia nguvu zote."

"Wata nguvu, mwanangu. Kanitwalie chupa ya mayi moto."

Nikamletea chupa ya chai iliyojaa maji yaliyotoka kuchemka. Akatumbukiza ncha ya mpira, kiasi cha vidole viwili, akahesabu tasbihi yake polepole mara moja nzima. Alipoutoa, akaukung'uta maji, akaufuta ndani kwa kitambaa, akaupaka tone la mafuta ya injini, akausukuma huku akiuzungusha nusu duara kwenda na kurudi. Ukapita ule ukingo kama pete inavyopita kifundo cha kidole. Sekunde tano. Mimi nilikuwa nimepoteza mchana mzima na nyusi mbili.

Mpira ukipata joto hulegea, na ukipoa hurudi kwenye umbo lake na kulibana bomba. Ule ukingo uliovimba, ambao mimi niliuona ni adui, kazi yake ni kuuzuia mpira usichomoke. Kazi kubwa ya kuzuia petroli hufanywa na mpira wenyewe kwa kubana. Klipu ni msaidizi.

Hatua kwa hatua

Nikaenda nyumbani nikafanya upya vipande vyote vitatu. Haya ndiyo niliyojifunza, na nimeyapanga kwa utaratibu ili nawe uyafuate.

Kwanza, fanyia kazi nje, penye upepo, injini ikiwa baridi. Ondoa waya wa betri. Sigara, jiko la mkaa na simu ya kuchaji viwe mbali. Weka karibu chombo cha kuzimia moto cha unga, au ndoo ya mchanga mkavu. Usimwagie maji moto wa petroli, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na moto hutembea nayo. Na kwa gari kama hili kumbuka jambo jingine: tangi liko chini ya kiti cha dereva, umelikalia.

Pili, mpira wa zamani usiung'oe kwa kuuvuta. Mdomo wa kabureta na wa pampu ni wa shaba au chuma laini, ukivutwa kwa nguvu hupinda au hulegea ndani, na hapo utaleta hasara kubwa. Uchane mpira kwa urefu wake kwa wembe, polepole, kisha uubandue kama ganda la muhogo. Jihadhari wembe usikwaruze mdomo wa bomba, maana mkwaruzo wa urefu ni mfereji mwingine wa petroli.

Tatu, safisha mdomo wa bomba. Kwetu hapa chumvi ya bahari haisamehi. Kutu ikiwa juu, isugue kwa msasa laini sana, kwa kuzungusha, si kwa kwenda mbele na nyuma. Ukikuta bomba limeliwa mpaka limekuwa na mashimo, libadilishe. Mpira mpya juu ya bomba bovu ni kujidanganya.

Nne, soma maandishi ya mpira kabla ya kulipa. Mpira wa kweli wa mafuta huandikwa ubavuni. Kwa gari la kabureta tafuta maandishi ya SAE J30 na kisha R6 au R7. Kwa gari la kisasa lenye kunyunyiza mafuta kwa pampu ya umeme, tafuta R9, kwa kuwa huo huhimili mgandamizo mkubwa. Wa R9 waweza kuutumia kwenye gari la kabureta, lakini usiufanye kinyume chake. Mpira usioandikwa kitu, hata muuzaji akiapa, mwachie mwenyewe.

Tano, pima. Pima unene wa bomba, kisha nunua mpira ambao tundu lake ni sawa na bomba au pungufu kidogo. Robo inchi huingia mpira wa milimita 6. Bomba la inchi 5/16, ambalo ni karibu milimita 8, huingia mpira wa 8. Ukiambiwa wa 8 utakaa kwenye robo inchi kwa klipu, kumbuka nyusi zangu.

Sita, kata kwa wembe mpya, ukate wima. Msumeno wa chuma huacha unga wa mpira ndani, na unga huo huenda kuziba tundu ndogo za kabureta. Utakaa wiki nzima ukitafuta kwa nini gari lakosa nguvu. Ukishakata, puliza ndani. Na usikate mfupi. Mpira uliovutwa kama kamba ya nguo utachomoka siku injini itakapotikisika.

Saba, tia klipu kwenye mpira kabla ya kuuvisha. Wacha kucheka. Utakapokuwa umemaliza kuuvisha kwa taabu halafu uione klipu iko mezani, utanikumbuka.

Nane, maji moto. Ncha peke yake, dakika moja au mbili. Usitumie kiberiti wala taa ya gesi, hata mafundi wakubwa wakifanya. Moto wa wazi huchoma mpira upande mmoja na kuuacha mbichi upande wa pili, tena uko karibu na tangi. Ukiutoa majini ufute ndani ukauke, kwa kuwa maji ndani ya petroli yana balaa zake.

Tisa, kilainishi. Tone la mafuta ya injini, au maji yenye sabuni kidogo, yatosha. Usitie grisi. Grisi hubaki ikiteleza na huweza kuziba njia ya mafuta. Wala usipake gundi ya aina yoyote mahali hapa, iwe ya silikoni au nyingine. Kiungo kinachohitaji gundi ni kiungo kibovu.

Kumi, sukuma huku ukizungusha, na mkono wa pili ushikilie mdomo wa bomba usipinde. Ushike mpira kwa kitambaa, karibu na ncha. Ukiushika mbali utajikunja. Koleo usilitumie, meno yake hutoboa. Ukipoa kabla haujafika, utoe, uurudishe kwenye maji moto, uanze upya. Uvishe mpaka upite ukingo kiasi cha sentimita mbili au zaidi.

Mwisho, klipu. Iweke nyuma ya ukingo uliovimba, isiwe juu yake, na iache nafasi ndogo kabla ya mwisho wa mpira. Kaza mpaka mpira uanze kujaa kidogo pembeni mwa klipu, kisha acha. Ukiona mkanda umezama na kukata, umepitiliza. Klipu hii ya skurubu tunayoitumia duniani kote ilibuniwa 1921 na Lumley Robinson, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza, kwa hivyo yafaa sisi watu wa bahari tuiheshimu. Lakini nunua ya chuma kisichoshika kutu, yote. Zipo ambazo mkanda wake ni mzuri na skurubu yake ni chuma cha kawaida. Pitisha sumaku: ikiivuta skurubu kwa nguvu, baada ya kusi moja hutaweza kuifungua.

Ukimaliza, jaribu kabla ya kuwasha. Pampu ya Land Rover ya zamani ina kijiti cha kupampu kwa mkono. Pampu mpaka kabureta ijae, kisha funga karatasi nyeupe ya shashi kwenye kila kiungo na utazame. Tandika gazeti chini, ulale. Asubuhi gazeti likiwa kavu, washa. Baada ya siku chache kaza klipu kidogo tena, kwa sababu mpira mpya hukaa chini ukishapata joto. Kisha uwe unatazama kila mwezi.

Wa boti na bodaboda

Niliahidi kuwa habari hii si ya wenye gari peke yao. Nilipokuwa pale kwa Ami nilitazama boti zilizofungwa jetini. Kila moja ina mpira unaotoka kwenye tangi dogo la petroli, ukapita kwenye kile kibofu cha kubinya, ukaenda kwenye mashine. Mipira hii hukaa juani kutwa, hukanyagwa, hukaliwa na mizigo. Nimeona iliyofungwa kwa blada, na iliyofungwa kwa waya.

Gari likivuja, petroli huanguka barabarani na upepo huchukua mvuke. Boti ikivuja, petroli hubaki ndani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, mara tatu au zaidi, kwa hivyo haupandi. Hushuka, ukatulia kwenye ngama chini ya miguu ya abiria, ukingoja cheche. Na kwenye boti huna ng'ambo ya barabara ya kukimbilia. Nahodha, kila asubuhi binya kibofu, pitisha mkono kwenye mpira wote, unuse ngama kabla ya kuwasha. Ukisikia harufu, usiwashe. Abiria nawe una haki ya kuuliza. Twauliza nauli, twauliza saa ya kuondoka. Na hilo la mpira tuliulize.

Vijana wa bodaboda, ule mpira mweupe wa plastiki unaoonesha petroli ikipita ni mzuri kwa macho tu. Joto huufanya manjano, ukawa mgumu, ukanywea, siku moja ukachomoka ukiwa na abiria na mtoto mgongoni. Tia mpira mweusi wa mafuta na klipu mbili ndogo. Gharama yake hairingani na safari moja ya hospitali.

Gari la baba sasa latembea. Mwanangu alikataa kulipanda kwa muda mrefu, nami sikumlazimisha. Juzi alinikuta nikikagua mipira, akasimama, akaomba taa ya mkono. Akamulika kila kiungo, akapitisha kidole chini yake, akakinusa. Kisha akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi.

Mungu atuhifadhi barabarani na baharini. Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutarudi kwenye siasa.